Unga wa Gerimani: Tuuelewe Kabla ya Kuunywa

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuendelea na habari za lishe ya watoto wachanga. Mtuwie radhi tukiiweka kando kidogo, maana kuna jambo limetokea kliniki kwetu ambalo tumeona si vema likae mpaka toleo lijalo.

Jumanne moja, wagonjwa wa kisukari walipokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja kupimwa, alifika binti wa mzee mmoja tunayemfahamu siku nyingi. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa dini katika kigango chake, na kwa miaka tisa alihudhuria kliniki bila kukosa. Kisha miezi minne hatukumwona. Binti alitusalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista," tukaitikia. Akafungua kanga aliyobeba mkononi, akatoa kopo jeupe, akaliweka mezani.

"Baba anatumia hii," alisema. "Sindano ameacha, vidonge vya presha ameacha. Tangu wiki iliyopita miguu imevimba na chakula hataki."

Ndani ya kopo mlikuwa na unga mweupe, laini kama wanga, usio na harufu. Karatasi ya nje ilisema ni gerimani oganiki. Makopo yalikuwa manne, na ili kuyapata mzee alimwuza mtamba wake. Aliyemwuzia alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu, aliyefika nyumbani Jumapili baada ya Misa, akakaa na mzee saa nzima akimsomea ushuhuda wa watu waliopona. Alimwambia kwamba unga huo huingiza hewa safi katika damu, hufukuza kisukari, presha na saratani, wala hauna madhara kwa kuwa ni kitu cha asili. Mwisho akamwambia kwamba hata maji ya Lourdes huponya kwa sababu yana gerimani nyingi. Hilo la Lourdes ndilo lililomshika mzee wetu.

Baada ya hapo tulianza kuulizauliza, tukagundua kwamba unga huu na jamaa zake, yaani vidonge, matone na bangili, umeshaingia katika nyumba nyingi za parokia zetu. Basi tuone ni kitu gani.

Madini yaliyotabiriwa kabla ya kuonekana

Gerimani ni elementi, kama vile chuma, shaba na kaboni zilivyo elementi. Mwaka 1871 mwanasayansi Mrusi, Dmitri Mendeleev, alipokuwa akizipanga elementi zote katika jedwali, aliona nafasi iliyo wazi, akasema iko elementi ya kujaza nafasi hiyo ila bado haijaonekana. Miaka 15 ilipita. Mwaka 1886 Clemens Winkler, mkemia wa mji wa Freiberg huko Ujerumani, aliipata ndani ya jiwe lenye fedha. Akaiita kwa jina la Kilatini la nchi yake, Germania. Mwaka uliofuata Winkler huyo huyo akaiunganisha na kaboni, na hiyo ndiyo ikawa kampaundi ya kwanza ya gerimani oganiki duniani.

Hapa tusimame kidogo, kwa sababu neno hili "oganiki" ndilo linalowapoteza wengi. Siku hizi tunalisikia likitumika kwa mboga zilizolimwa bila dawa wala mbolea ya dukani. Lakini katika kemia maana yake ni nyingine kabisa: ni kitu ambacho kimeungana na kaboni, basi. Petroli ni oganiki. Dawa nyingi za kuua wadudu wa pamba ni oganiki kwa maana hiyo hiyo. Gerimani oganiki haichumwi shambani wala haikamuliwi kwenye majani. Hutengenezwa na wakemia katika vyombo vya maabara. Kwa hiyo mtu akikuambia haina madhara kwa kuwa ni oganiki, ama yeye mwenyewe hajaelewa neno, ama anajua kwamba wewe hujalielewa.

Kazi yake halisi

Hatutaki mfikiri kwamba gerimani ni kitu kibaya. Ni madini yenye thamani kubwa, na sote tumefaidika nayo bila kujua. Ina tabia ya kupitisha umeme nusu nusu: si kama shaba inayoupitisha wote, wala si kama kioo kinachouzuia. Kwa tabia hiyo, mwezi wa Desemba 1947 wataalamu wa maabara za Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, walitengeneza transista ya kwanza kwa kipande cha gerimani. Wazee wetu watakumbuka redio ndogo za betri zilizoitwa transista. Zile za mwanzo zilikuwa na gerimani ndani yake. Baadaye silikoni ilichukua nafasi hiyo, kwa kuwa inavumilia joto zaidi.

Siku hizi gerimani hutumika katika lenzi za kamera zinazoona joto la mwili gizani, na katika vibao vya jua vya setilaiti. Kiwanda kingine hutumia kiasi kidogo cha gerimani dioksaidi kuharakisha utengenezaji wa plastiki angavu ya chupa, hasa nchini Japani. Tena huchanganywa katika kiini cha zile nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mawasiliano. Nyaya za namna hiyo zilifika pwani ya Dar es Salaam na Mombasa kwa njia ya bahari mwaka 2009. Kwa hiyo matangazo ya unga wa gerimani yanayotufikia kwenye simu huenda yamepita ndani ya gerimani yenyewe, na hapo kwa kweli imefanya kazi yake vizuri!

Hata zile kampaundi za oganiki zina kazi viwandani. Wanaotengeneza vifaa vya elektroniki huhitaji kutandaza utando mwembamba mno wa gerimani juu ya kibao. Zamani walitegemea gesi ya gerimani yenye sumu na inayowaka upesi. Sasa iko kampaundi ya oganiki iliyo kimiminika, iitwayo isobutiligerimani, ambayo ni salama zaidi kuishika kuliko ile gesi. Salama zaidi kwa fundi aliyevaa glavu, ndugu wasomaji, si kwa kutiwa kwenye uji.

Wengine watashangaa kusikia kwamba madini haya yapo pia kwa jirani zetu wanaosema Kiswahili. Mgodi wa Kipushi, karibu na Lubumbashi nchini Kongo, ulijulikana tangu zamani kwa mawe yenye gerimani, na mwaka 2024 kiwanda cha Lubumbashi kinachochambua mabaki ya kuyeyushia shaba kilisafirisha mzigo wake wa kwanza wa gerimani kwenda Ubelgiji. Kutokana na mahitaji hayo ya viwanda bei yake ni kubwa, na bei kubwa huwafanya watu wadhani kwamba ni dawa kubwa.

Ilivyogeuka dawa

Habari ya gerimani kuwa dawa ilianzia Japani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mtaalamu wa makaa ya mawe aitwaye Kazuhiko Asai alikuta gerimani ndani ya makaa hayo, akavutiwa nayo. Mwaka 1967 yeye na wenzake walitengeneza kampaundi ya oganiki inayoyeyuka katika maji, ambayo imejulikana kwa jina la Ge-132. Asai alisimulia kwamba yeye mwenyewe aliinywa alipougua, akapata nafuu. Aliandika kitabu, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1980, na katika miaka hiyo watu wengi wa Japani, na baadaye Ulaya na Marekani, wakaanza kununua gerimani kama kirutubisho.

Wafuasi wa dawa hiyo walisema kitunguu saumu, jinseng na mshubiri vinaponya kwa sababu vina gerimani nyingi. Wapimaji wengine walipovipima waliikuta kwa kiasi kidogo sana. Endeleeni kula vitunguu saumu, ni chakula kizuri. Lakini kwa gerimani yake, hapana.

Na kuhusu Lourdes. Maji ya chemchemi ile yalipimwa mwaka 1858, mwaka ule ule wa matokeo ya Massabielle, na Profesa Filhol wa Toulouse. Alisema ni maji ya kawaida ya kunywa, yanayofanana na maji mengine ya milima yenye chokaa, wala hakukuta ndani yake kitu cha kuponya. Gerimani haikuwa imevumbuliwa bado, ni kweli. Lakini fikirini hivi: mamilioni ya mahujaji wameyanywa maji hayo, na Kanisa limetambua miujiza sabini na kitu tu tangu mwanzo. Kama ingekuwa ni madini, yangemponya kila anywaye, kama vile kwinini ilivyofukuza malaria kwa aaminiye na asiyeamini. Tena madaktari wanaochunguza uponyaji huko Lourdes hutafuta ule usioweza kuelezwa kwa utabibu. Ungekuwa na maelezo ya madini, wangeuweka kando. Tulimweleza mzee hivyo kitandani, naye akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilifundisha habari za Lourdes miaka thelathini. Ningejua."

Figo

Mwili wa binadamu haujulikani kuihitaji gerimani kwa kazi yoyote. Hakuna ugonjwa unaotokana na kuikosa. Katika chakula cha kila siku tunakula miligramu moja hivi, nayo hutoka kwa mkojo bila shida. Matatizo huanza mtu anapoinywa kwa vijiko.

Taarifa za watu walioharibikiwa figo zilianza kuandikwa tangu mwaka 1982, za awali zikiwa za Japani. Mwaka 1988 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliagiza bidhaa za gerimani za kunywa zizuiwe mipakani. Wataalamu waliokusanya taarifa za nchi mbalimbali mwaka 1997 walihesabu watu 31 waliopata ugonjwa wa figo baada ya kuitumia kwa muda mrefu, na baadhi yao walikufa. Walikuwa wameitumia kwa miezi 2 hadi 36, na jumla ya gerimani waliyoimeza ilikuwa kuanzia gramu 15 hadi zaidi ya 300. Gramu 15 zinaonekana kidogo, lakini kwa kiasi cha chakula cha kawaida ingemchukua mtu miaka zaidi ya 40 kuzifikisha.

Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja. Damu ikishachujwa, maji yale hupita katika mirija midogo sana ambayo hurudisha mwilini kile kinachofaa na kuacha uchafu uende kibofuni. Gerimani hujikusanya katika mirija hiyo na kuiharibu, huku vichujio vyenyewe vikibaki vizima kwa muda. Hapo ndipo penye hatari ambayo hata sisi wauguzi inaweza kutupita. Tunapomshuku mgonjwa wa figo, kwanza tunachovya kile kijiti katika mkojo kuona kama una protini au damu. Kwa walioharibiwa na gerimani, mara nyingi kijiti hakioneshi kitu. Mgonjwa anaambiwa mkojo ni safi, anarudi nyumbani kunywa unga wake. Wakati huo anachoka, anakonda, chakula hakipandi, misuli inalegea, damu inapungua, wengine wanapata ganzi miguuni. Na kwa kuwa anajisikia vibaya, anaongeza kijiko! Ukweli huonekana kwenye kipimo cha damu kiitwacho kreatinini. Akiacha, figo hupata nafuu polepole, lakini mara nyingi hazirudi kama zilivyokuwa, hata baada ya muda mrefu.

Je, aina zote ni sawa? Si sawa. Ile isiyo ya oganiki, hasa gerimani dioksaidi, ndiyo yenye sumu zaidi, na Ge-132 iliyo safi ina sumu pungufu. Wauzaji hupenda sana kusema hivyo. Lakini gerimani dioksaidi ndiyo inayotumika kama malighafi, na inaweza kubaki ndani ya unga usiosafishwa vizuri. Nayo ni unga mweupe vile vile. Tena miongoni mwa wale 31 wamo waliotumia aina za oganiki, pamoja na Ge-132. Sisi tulilitazama lile kopo la mzee, tukalinusa, tukaligeuza. Hospitali yetu haina chombo cha kutambua kilichomo, na mama wa nyumbani hana zaidi yetu.

Wala msidhani kwamba madaktari wameidharau bila kuijaribu. Kampaundi moja iitwayo spirogerimani ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani katika miaka ya 1980. Uvimbe haukupungua kwa kiasi cha kuridhisha, na wagonjwa walipata kizunguzungu na kuyumba, wengine wakadhurika mapafu, ikaachwa. Japani yenyewe iliidhinisha propagerimani mwaka 1994 kwa ajili ya ugonjwa sugu wa ini wa virusi vya B, kwa maagizo ya daktari na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Hata kwa uangalizi huo, baadhi ya wagonjwa ini lilichafuka ghafla na wengine walifariki, ikabidi tahadhari kali zitolewe. Hiyo ni dawa iliyopimwa kiwandani na kutolewa hospitalini. Kopo letu lilitolewa kwenye mkoba wa kijana.

Bangili hatutazisemea mengi. Gerimani iliyo kwenye bangili haiingii mwilini, kwa hiyo haitaharibu figo, wala haitatibu kitu. Ukipenda urembo wake, vaa. Ila usiivae badala ya vidonge vyako.

Lawama yetu

Tulimpima mzee. Sukari ilikuwa juu sana, presha juu, kreatinini imepanda karibu mara tatu ya ile ya mwaka jana. Kijiti kilionesha protini nyingi katika mkojo. Sasa, kwa yale tuliyoeleza hapo juu, protini hiyo inaelekeza zaidi kwenye kisukari na presha kuliko kwenye gerimani. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba unga ulimharibu figo. Inawezekana umechangia, inawezekana haukuchangia hata kidogo. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba kwa miezi minne hakuchoma insulini yake wala kumeza kidonge cha presha, kwa sababu aliambiwa dawa za hospitali zitapambana na unga.

Tulipomwuliza kwa nini hakuja kwanza kutuuliza, alijibu bila hasira. Alisema kila alipokuja kliniki alingoja tangu asubuhi hadi saa saba, kisha akaandikiwa dawa kwa dakika mbili, na yule aliyemwandikia hakuinua macho kutoka kwenye daftari. Yule kijana alikaa naye saa nzima. Tuliondoka pale kitandani tukiwa kimya. Wagonjwa ni wengi na sisi ni wachache, hiyo ni kweli, lakini kuinua macho hakuhitaji mtumishi wa ziada.

Basi tumekubaliana hivi katika kliniki yetu. Kila mgonjwa wa kisukari, presha, saratani au ini tutamwuliza ni kitu gani kingine anatumia nyumbani, na hatutamgombeza akitaja. Nawe msomaji, kama una unga, matone au vidonge vya gerimani, acha kuvitumia, lakini usivitupe. Njoo navyo pamoja na karatasi yake. Sema umetumia kwa muda gani na vijiko vingapi. Omba upimwe kreatinini, usiridhike na kijiti cha mkojo peke yake. Dawa zako za hospitali usiziache hata siku moja kwa neno la mtu asiye daktari wako. Na kama zinakusumbua, tuambie, maana mara nyingi zipo nyingine za kubadilisha. Muuzaji akikuambia ni dawa, mwulize kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, akuoneshe. Viongozi wa Jumuiya mnaoombwa nafasi ya kutangaza bidhaa baada ya sala, tunawaomba mtuulize sisi kwanza. Tutakuja hata jioni.

Mzee alikaa wodini siku kumi na moja. Sukari imeshuka, uvimbe wa miguu umepungua, amerudi kwenye sindano. Daktari amemwandikia kwenda hospitali ya rufaa kuonana na bingwa wa figo, na familia inatafuta nauli. Kopo la nne, ambalo halijafunguliwa, tumelifungia kabatini. Binti yake alituuliza kama anaweza kulirudisha arudishiwe hata nusu ya fedha za mtamba. Tumempigia yule kijana kwa namba iliyoandikwa kwenye risiti, mara nyingi, na simu yake haipatikani.